Hesabu za Jumapili: jinsi mtaa wetu ulivyopata paa

Kaunta buku la kwanza la Mama Mhazini lina jalada jeusi lenye kona nyekundu, na mpaka leo ukilifungua linanukia dagaa, kwa kuwa muda wote lilipotumika lilikaa ndani ya kikapu kilekile alichokuwa akienda nacho soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kununua mzigo wake wa biashara. Hivi sasa tuko kwenye kaunta buku la tatu. Nimeyaazima yote matatu wiki hii ili niandike habari hii kwa mpangilio, maana watu wa makanisa mengine wamekuwa wakinisimamisha njiani na kuniuliza tulifanyaje, sisi watu wa mlimani tusio na mfadhili, mpaka tukapata kanisa la kwetu lenye paa. Nilizoea kuwajibu kwa mkato kwamba ni neema ya Mungu, na ni kweli; lakini jibu hilo halimsaidii mtu ambaye kesho yake anakwenda kukaa na kamati ya ujenzi isiyo na fedha na isiyoaminiana.

Tulianza mwaka 2016 tukiwa familia 11, katika sebule ya muuguzi mstaafu kwenye miteremko ya Mkolani. Usharika mama ulikuwa mbali kwa wazee na kwa akina mama wenye watoto mgongoni, na nauli ya daladala ya familia ya watu sita, kwenda na kurudi kila Jumapili, ni fedha ya mboga ya siku mbili. Kwa utaratibu wa kanisa letu kundi kama lile huitwa mtaa: lina mwinjilisti wake na wazee wake, lakini mchungaji ni wa usharika, naye alitufikia mara moja kwa mwezi kutupatia Chakula cha Bwana. Kila Jumamosi jioni makochi yalitolewa nje, na televisheni ikafunikwa kitambaa cha kufuma, sijui kwa heshima ya ibada au kwa kuwahofia watoto wetu.

Sebule ilipojaa hadi watu wakawa wanaimba wakiwa barazani, mwaka 2017 tulihamia katika darasa la shule ya msingi iliyo jirani. Kusali darasani kuna vituko vyake. Watu wazima wenye magoti mabovu hukaa kwenye madawati ya watoto wa miaka tisa, na mhubiri husimama mbele ya ubao ambao mwalimu wa zamu hakuufuta Ijumaa. Jumapili moja mwinjilisti wetu alihubiri kwa dakika 40 juu ya utulivu wa roho, na nyuma yake ubao umeandikwa kwa herufi kubwa WAPIGA KELELE, chini yake majina saba, mawili yakiwa ya watoto wa wazee wa kanisa. Mimi ni mwalimu kwa kazi yangu, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuliona na wa mwisho kuacha kucheka.

Kiwanja cha kwanza tulichotaka kununua kilikuwa Luchelele, karibu kabisa na ziwa. Ilikuwa mwaka 2019, mwenye eneo alikuwa mtu mwema aliyetupunguzia bei, na kila aliyekwenda kukitazama alirudi akizungumza juu ya upepo na mandhari. Binti mmoja wa kwaya, aliyesomea mipango miji, ndiye aliyetuharibia furaha. Alituambia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwamba haijali kama ni hoteli au nyumba ya ibada. Tukaenda na futi kamba. Kutoka maji yalipoishia hadi mpaka wa mwisho wa kiwanja hakikubaki hata chumba kimoja ambacho kingeweza kusimama kihalali. Wazee walinung'unika sana, na mmoja akamwuliza yule binti ni majengo mangapi ameyaona yamekanyaga maji kutoka Capri Point hadi Kirumba na hakuna aliyeyagusa. Binti akajibu kwa adabu kwamba yeye hakuulizwa habari za wengine.

Mvua za mwishoni mwa mwaka huo na za mwanzoni mwa mwaka uliofuata kila mtu wa kando ya ziwa anazikumbuka. Kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa, likavuka hata kiwango cha 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wakikisimulia kama gharika. Tulipokwenda Luchelele kutazama, mti tuliokuwa tumepanga kuweka madhabahu karibu nao ulikuwa umesimama majini, na kijana mmoja alikuwa anavua kwa ndoano pale ambapo Mzee Mwenyekiti alikuwa amepima mlango mkuu. Hakuna aliyesema neno. Yule binti alichaguliwa kuingia katika kamati mwaka huohuo, kwa kura zote.

Mwaka huohuo ndipo tulipoelewa tofauti kati ya mahali pa kusalia na mahali pa kwako. Machi 17, 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Makanisa na misikiti haikufungwa. Nchi nzima iliendelea kusali, ikinawa mikono kwenye ndoo za malangoni. Lakini kanisa letu sisi lilikuwa darasa, na darasa limefungwa kufuli, na mwalimu mkuu hakuwa na mamlaka ya kulifungua kwa ajili yetu. Hakuna aliyetukataza kusali. Tulikosa mlango tu. Kuanzia Jumapili iliyofuata tulikaa chini ya mwembe wa yule muuguzi, masika yote ya mwaka ule, na ibada ikawa inapangwa kwa kutazama mawingu. Tulijifunza kuanza saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mvua, na mwinjilisti alijifunza kukata mahubiri katikati ya sentensi. Shule zilipofunguliwa Juni 29 tulikuwa tumekwisha kuunda kamati ya ujenzi, chini ya mwembe uleule, nami nikawa katibu wake kwa sababu ya mwandiko. Mama Mhazini alichaguliwa kwa sababu, kama alivyosema mzee mmoja, hajawahi kumpunja mtu dagaa.

Kiwanja tulichonacho tulikipata mwaka 2021, mlimani, mahali ambapo gari hufika kwa shida na pikipiki kwa ujasiri. Hapa nitaeleza jambo moja kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nimeona makanisa madogo mengi yakikosea kama sisi tulivyokosea. Mkataba wetu wa kwanza wa mauziano, uliogongwa muhuri mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uliandikwa kwa jina la Mzee Mwenyekiti wa kamati. Hakukuwa na hila yoyote. Alikuwepo, ana kitambulisho, akaandikwa. Lakini ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia. Haki hiyo inafuata jina lililo kwenye karatasi, na mtu mwenye jina akifa, warithi wake ndio wanaoulizwa. Mtaa wa kanisa si mtu mbele ya sheria. Chombo kinachoweza kumiliki mali ya kanisa ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunauita RITA, na kwa kanisa letu bodi hiyo ni ya dayosisi. Ilitubidi turudi kwa muuzaji, turudi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tuandike upya mkataba kwa jina la wadhamini, kisha tuanze safari nyingine ya kuomba eneo lililochorwa kuwa la makazi libadilishwe matumizi. Mzee Mwenyekiti alitia saini ya kuachia haki bila kusitasita, nami namheshimu kwa hilo, kwa sababu najua mahali, wala si mbali na hapa, ambapo watoto wa marehemu mzee wa kanisa walifunga lango na waumini wakabaki nje na Biblia zao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuwa la sheria wala la ziwa, bali letu wenyewe.

Baada ya kupata kiwanja tulichapisha kadi za ahadi. Kila familia ilijaza itatoa nini: fedha, mifuko ya saruji, tripu ya mchanga, siku za kazi. Kadi zilikusanywa kwa nyimbo na vigelegele, na jumla yake ilitutia wazimu kidogo. Tulianza kuzungumza juu ya mnara. Miezi mitatu baadaye kilichokuwa kimefika ni kidogo, na kamati ikaamua kwamba kila Jumapili, baada ya matangazo, katibu asome majina ya walioahidi na hawajatimiza. Katibu ndiye mimi. Nilisoma majina hayo kwa Jumapili nane, kwa sauti safi ya darasani, nikitaja na kiasi kilichobaki. Kwenye kaunta buku la kwanza wiki hizo nane zinaonekana wazi: safu ya Kilichoingia inapungua kutoka ukurasa hadi ukurasa, mpaka Jumapili ya mwisho ambapo imeandikwa sadaka ya kawaida tu, na mbele yake kistari.

Na watu nao walipungua. Mama mmoja, muuza vitumbua katika stendi ya Nyegezi, ambaye tangu enzi za sebule alikuwa akifika kabla ya mwinjilisti, hakuonekana kwa muda mrefu. Nilitumwa kwenda kumwona. Nilimkuta anakanda unga uani kwake, jioni, mikono imemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. "Umekuja kunidai?"

Begani nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba ile orodha. Nilisema nimekuja kumjulia hali. Akanipa kigoda, akanipa vitumbua viwili vya asubuhi, akanieleza kwamba hakuhamia kanisa jingine kama watu wanavyosema; Jumapili huwa yupo nyumbani anafua. Aliahidi mifuko mitatu ya saruji siku ile watu walipokuwa wakipiga vigelegele, akalipa mmoja, kisha mjukuu akalazwa hospitali ya Sekou Toure wiki mbili. Hakumweleza mtu yeyote. "Ningemweleza nani, Mwalimu, na wewe unanisoma?"

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mzee Mwenyekiti alishikilia kwamba watu wasipotajwa hawatoi, na alikuwa na mifano ya makanisa makubwa mjini yanayofanya hivyo na kujenga. Aliyemaliza mjadala ni Mama Mhazini, ambaye kwa kawaida vikaoni husikiliza huku akitoa mchanga kwenye dagaa kwa ungo. "Mimi pale sokoni nadai watu kila siku iendayo kwa Mungu," alisema. "Mtu ukimdai faraghani atakulipa nusu na kukwambia habari zake. Ukimdai mbele za watu, atabadilisha njia." Akapendekeza kwamba kuanzia Jumapili ile asomaye awe yeye, na asisome jina la mtu hata mmoja, si la mdaiwa wala la mtoaji mkubwa, asome kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, hadi senti ya mwisho, na mtu yeyote awe na haki ya kuinua mkono na kuuliza. Mimi nilikabidhi ile orodha, naye akaitumia kama anavyojua mwenyewe, mara nyingine kuwashia jiko.

Sisemi kwamba fedha zilianza kumiminika. Zilianza kudondoka, lakini hazikukatika tena.

Katika miezi ile ya ukata kilichotuweka pamoja ni jiwe. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa habari za mawe. Tumezaliwa chini yake, tunaanikia nguo juu yake, na wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck kana kwamba hatuna mengine. Katikati ya kiwanja chetu, mahali ambapo ramani ilionyesha madhabahu, palikuwa na jiwe la itale lenye ukubwa wa daladala. Kila mhubiri mgeni aliyepanda mlima kututembelea alilitazama, akatabasamu, akatukumbusha habari za mtu yule mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Alipofika wa sita vijana walikuwa wakimtamkia maneno kabla hajayasema. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika nyundo.

Aliyetusaidia ni jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye amepasua mawe tangu ujana wake. Alilizunguka siku nzima akiligonga kwa nyundo ndogo, sikio limeegemezwa, akisema hapa linalia, hapa limekufa, na kila lilipolia aliweka alama ya mkaa. Kisha tukaanza kuchoma. Kuni zilipangwa juu ya alama, moto ukawashwa kuanzia alfajiri, na jioni, uso wa jiwe ukiwa bado unatoa mvuke, vijana waliingia na nyundo kubwa, tindo na mtalimbo. Mara ya kwanza lilibanduka tabaka jembamba kama ganda la yai, na watu waliokuwa wamekuja kutazama muujiza wakarudi nyumbani. Wiki ya pili, usiku, hakuna mtu yeyote kiwanjani, likapasuka lenyewe kwa mlio uliowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Ijumaa hakukuwa na kazi, kwa kuwa fundi wetu anaswali. Jumapili hakukuwa na kazi, kwa kuwa sisi tunasali. Kwa siku tano zilizobaki msaragambo uliendelea kwa zamu kwa muda wa miezi minne. Wanaume walipasua, akina mama wakaponda vipande kuwa kokoto, watoto wakapanga marundo. Msingi wote wa kanisa letu, mawe yake na kokoto za zege lake, umetoka kwenye jiwe lile, na tripu mbili za ziada tuliziuza. Mama wa vitumbua alikuwa mmoja wa waponda kokoto hodari kuliko wote. Hakuna aliyemtuma, Jumamosi moja tulimwona tu amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi, khanga imefungwa kichwani.

Kuhusu njia za kupata fedha nitasema kwa ufupi. Tulifanya harambee moja ya mgeni rasmi, yenye maturubai, spika na pilau, na gharama zake zilikula karibu nusu ya kilichopatikana, wakati ahadi nyingi za meza kuu hazijafika hadi leo, sitashauri mtu. Kilichotufaa ni mnada wa mavuno, ambao hauna gharama. Watu huleta walichonacho, sado ya michembe, ndoo ya dagaa, mkungu wa ndizi, mayai, nacho hunadiwa nje baada ya ibada, na anayenunua mara nyingi hukirudisha kinadiwe tena. Mwaka jana jogoo mmoja aliuzwa mara tano. Katika mara ya sita aliponyoka, akapita katikati ya wanakwaya wa sauti ya tatu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumkamata kwenye miba, Mama Mhazini aliandika mapato ya mara tano na kuliacha lililobaki mikononi mwa Mungu.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa kufyatua matofali. Fundi tuliyempa kazi, ambaye sitamtaja, alikubaliana nasi matofali 35 ya inchi sita kwa kila mfuko wa kilo 50, kiasi ambacho mafundi wa huku wanaona kinatoa tofali gumu. Alikuwa mcheshi na mwenye kasi, na marundo yake yalikuwa yamenyooka kama vitabu. Siku moja Mama Mhazini alipanda mlima kuhesabu, kama anavyohesabu kila kitu, akaona hesabu inazidi: mifuko iliyofunguliwa ilikuwa michache kuliko ilivyotakiwa kuwa kwa matofali yaliyokuwepo. Akanyanyua tofali moja, akabonyeza kona yake kwa kidole gumba. Kona ikadondoka. Akasugua mahali pale kwa kiganja, na mchanga ukaendelea kushuka taratibu juu ya viatu vyake, mkavu, wa kijivujivu, kama unga unaochekechwa. Tulipopiga hesabu tulikuta kila mfuko umetoa matofali 52, na mifuko 18 iliyotakiwa kuwa ndani ya matofali yale ilikuwa imetoka usiku kwa njia yake. Fundi hakuonekana tena, na simu yake haikupatikana.

Kamati ilikutana usiku huohuo. Nakiri kwamba wengi wetu, mimi nikiwamo, tulitaka jambo lile liandikwe kwa maneno mapana, gharama za matofali, basi, ili waumini wasivunjike moyo wakati ndio kwanza wanaanza kutoa tena. Tulizungumza kwa upole sana, kama watu wanaojua wanachokifanya. Mama Mhazini alitusikiliza wote, kisha akasema kwamba yeye hana safu ya namna hiyo.

Jumapili alisoma kama kawaida. Kilichoingia. Kilichotoka. Kisha akasema, "Hasara: mifuko 18 ya saruji, imeibwa, na matofali yote yaliyopo hayafai kupandisha ukuta." Darasa lilinyamaza, mpaka tukawasikia mbuzi nje. Mvuvi mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono na kuuliza ni nani aliyekuwa na zamu ya kusimamia. Hapo ndipo Mzee Mwenyekiti aliposimama, akavua kofia, akasema ni yeye, na kwamba siku nyingi hakupanda mlima kwa sababu ya goti, akaona aibu kusema. Akaketi. Hakuna aliyeongeza neno, isipokuwa kijana mmoja fundi mwashi ambaye aliomba apewe mashine ya kufyatulia, atafyatua upya jioni baada ya kazi zake, bila malipo, ilimradi apate watu wa kuchota maji. Tuliweka utaratibu kwamba ghala lifunguliwe na watu wawili wasio wa familia moja. Matofali mabovu tulijazia sakafu. Nimefungua kaunta buku la pili mbele yangu ninapoandika: sadaka ya ujenzi ya mwezi uliofuata hasara ile ndiyo kubwa kuliko zote za mwaka ule, na hakuna siku hata moja ambapo jina la mtu lilisomwa.

Kuta zilifika kwenye lenta mwaka 2023, nasi tukakaa karibu mwaka mzima tukizitazama. Paa ni mahali ambapo makanisa mengi huku mlimani hukwama. Unaweza kuzihesabu ukiwa ndani ya daladala, kuta zilizoota nyasi juu ya madirisha. Ukuta unaweza kuupandisha kwa mfuko mmoja mmoja, lakini kenchi na bati vinakutaka uwe na fedha yote kwa pamoja. Tulibishana juu ya geji. Bati la geji 30 ni jembamba na la bei nafuu, la geji 28 ni nene kidogo na ghali zaidi, na wapo waliosema Mungu hatazami unene wa bati. Wavuvi wetu, wanaoujua upepo unaotoka ziwani usiku wa mvua, walisema Mungu huenda hatazami lakini upepo unatazama. Tulinunua geji 28, tukasubiri miezi mitano zaidi kwa sababu hiyo, na kenchi zilifungwa kwa nondo zilizokuwa zimezamishwa ndani ya lenta tangu siku ya kumwaga zege.

Tulirudisha ufunguo wa darasa mwishoni mwa mwaka 2024. Mwalimu mkuu aliupokea, akauliza kama tutahitaji kuazima madawati, nasi tukasema ndiyo.

Ibada ya kwanza katika jengo letu haikuwa uzinduzi. Askofu atakuja siku ambayo kutakuwa na sakafu na milango. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, sisi kwa sisi, tumekaa kwenye mbao zilizowekwa juu ya matofali, na vumbi la saruji linapanda kila tukisimama kuimba. Mwinjilisti alikuwa amefika katikati ya mahubiri mvua iliposhuka kutoka upande wa ziwa. Wale waliowahi kukaa chini ya bati lisilo na dari wanajua. Tulimwona mdomo wake unatembea, tukaona mkono wake unapanda na kushuka, na hatukusikia kitu. Watu walitazama juu. Hakuna tone lililopita. Mama wa vitumbua alikuwa amekaa mbele yangu, na nilimwona akinyoosha kiganja chake wazi, akakiacha hivyo hewani kwa muda, kisha akakirudisha mapajani, kikavu.

Mwinjilisti alisubiri, akakata tamaa, akaketi. Ulipofika wakati wa hesabu mvua ilikuwa bado inapiga vilevile. Mama Mhazini alisimama mbele na kaunta buku la tatu, akafungua kinywa, akakifunga. Halafu akashuka katikati yetu. Akaanza na ubao wa kwanza, akimwonyesha kila mtu ukurasa na kungoja mpaka asome, kidole chake kikiwa chini ya safu ya mwisho, akaenda kwa mwingine, akaenda kwa mwingine, wazee waliosahau miwani akiwasomea sikioni, na ikamchukua zaidi ya nusu saa kuwamaliza watu wote. Aliponifikia nilisoma: Kilichobaki, na kiasi chake; na chini yake, kwa penseli, milango miwili, bado.